Kujifunza Kijapani ukiwa kijijini: uanzie wapi?

Gari linawashwa alfajiri, na kabla halijatoka uani, sauti ya mwanamke inatamka kitu kwa Kijapani. Madereva wengi wameizoea sauti hiyo kwa miaka bila kujua inasema nini. Haisalimii, wala haionyi kuhusu injini. Inasema "kaado ga soonyuu sarete imasen", yaani kadi haijaingizwa. Kadi hiyo ni ya kulipia barabara za mwendokasi kule Japani. Gari limehama, kifaa hakina habari.

Baadhi yenu mmetuuliza kama mtu anaweza kujifunza lugha hii bila kukanyaga Japani, akiwa na simu tu. Inawezekana. Tueleze hatua kwa hatua.

Matamshi ni rahisi kwetu

Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na hutamkwa karibu kama zetu. Silabi nyingi huishia na irabu, ndiyo maana Toyota, Isuzu na Yamaha hazitusumbui mdomoni. Jambo la kuangalia ni urefu wa irabu. "Obasan" ni shangazi au mama mdogo, lakini "obaasan" ni bibi. Sisi tunaojua tofauti ya kufa na kufaa tutaelewa kwa nini jambo hili si dogo.

Sarufi ndiyo inayogeuka. Kitenzi hukaa mwishoni, kwa hiyo "nakunywa chai" huwa "ocha o nomimasu", yaani chai nakunywa.

Heshima tunaijua

Kijapani hubadilika kulingana na unayezungumza naye. Jina la mtu huongezewa "san", na mkubwa au mgeni huzungumziwa kwa vitenzi vya heshima. Aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba hatashangaa.

Kazi inapoisha, wafanyakazi huambiana "otsukaresama". Wageni wengi huhangaika kutafuta maana yake. Sisi tunayo tayari: pole na kazi. Kabla ya kula husema "itadakimasu", neno la kupokea chakula kwa unyenyekevu na shukrani.

Maandishi yanahitaji subira

Kuna aina tatu za maandishi. Hiragana ina herufi 46 za msingi, na katakana, inayotumika zaidi kwa maneno ya kigeni, nayo ina 46. Ukijifunza herufi tano kwa siku, hiragana unaimaliza ndani ya siku 10. Kisha kuna kanji, alama zenye asili ya China. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136, na watoto wa Japani wenyewe huzisoma kwa miaka mingi shuleni. Usianze nazo. Andika hiragana kwa mkono, kwenye daftari, kila siku.

Masomo ya bure

Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lina idhaa ya Kiswahili na limetoa masomo mafupi ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili na sauti. Anayesoma Kiingereza anaweza pia kupakua bure kitabu cha Irodori, cha Japan Foundation, pamoja na sauti zake. Pakua unapokuwa na bando, kisha sikiliza shambani bila intaneti.

Utamaduni hauhitaji nauli

Origami, sanaa ya kukunja karatasi, inaanza na karatasi ya mraba tu. Hata ukurasa wa daftari la zamani unafaa. Na wapenzi wa mashairi watafurahia haiku, shairi la mistari mitatu lenye mizani 5, 7 na 5. Tumejaribu moja kwa Kiswahili:

Bati lalia,
mvua imefika,
jembe latoka.

Hesabu mizani, kisha tunga yako.

Kabla hujatoa fedha

Wapo wanaojifunza kwa kupenda, na wapo wanaotafuta masomo au kazi. Kwa hawa wa pili, tunasema wazi: jihadharini na mtu anayedai pesa kwa ahadi ya kazi Japani "bila kujua lugha". Viza ya ujuzi maalumu, iliyoanza Aprili 2019, kwa kawaida humtaka mwombaji afaulu mtihani wa Kijapani pamoja na mtihani wa kazi yenyewe. Kiwango cha lugha kinachokubalika ni kama N4 katika mtihani wa JLPT, ambao una ngazi tano: N5 ndiyo ya chini na N1 ndiyo ya juu. Kuhusu ufadhili wa masomo wa serikali ya Japani, ulizeni kwenye ubalozi wenyewe. Msiuze ng'ombe wala shamba kabla ya kupata jibu lao.

Leo anza na herufi tano: a, i, u, e, o. Na kesho alfajiri gari likisema tena, mwambie dereva kwamba anadaiwa kadi tu.