Saratani ya mbwa inayoambukizwa: mgonjwa mmoja, miaka elfu kadhaa



Hapa DC na vitongoji vyake wapo wenzetu wanaotaka kuleta mbwa wao kutoka Nairobi, Arusha au Kampala. Wote huulizia kichaa cha mbwa, na wana sababu, maana tangu Agosti 2024 masharti ya kuingiza mbwa Marekani yamekazwa kwa ajili ya ugonjwa huo. Lakini upo ugonjwa mwingine ambao sisi tuliokulia na mbwa koko tumeuona sana bila kuujua jina. Ni ule uvimbe mwekundu wenye vinundu kama koliflawa, unaovuja damu, kwenye uume wa dume au uke wa jike. Kwetu tulisema mbwa ana kaswende. Anapigwa mawe au risasi, basi, habari imekwisha.

Siyo kaswende hata kidogo. Ni saratani, tena ya kuambukizwa.

Hapo msomi atasema: mbona hata sisi binadamu tuna saratani ya mlango wa kizazi, nayo huletwa na virusi? Kweli, lakini kwetu kinachohama ni virusi, halafu saratani huanza upya ndani ya mwili wa kila mgonjwa. Kwa mbwa hakuna virusi. Kinachohama ni seli ya saratani yenyewe. Inabanduka kwa mbwa mmoja, inashika kwa mwingine, inaendelea kugawanyika kama mche uliohamishwa shamba.

Mrusi Novinsky alionyesha mwaka 1876 kwamba kipande cha uvimbe kikipandikizwa kwa mbwa mzima kinaota. Ushahidi wa jeni ulikuja 2006, watafiti wa London walipopima mbwa wa Italia, India na Kenya. Jeni za uvimbe hazikulingana na za mbwa aliyeubeba, ila vimbe zote zililingana zenyewe kwa zenyewe. Seli ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78. Hizi zina kama 57 hadi 59. Kwa hiyo uvimbe wa mbwa wa Nairobi na wa Calcutta ni mwili wa mbwa mmoja aliyekufa zamani. Utafiti wa 2019, uliopima vimbe 546, ulikadiria kwamba mbwa huyo aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yeye alishaoza, saratani yake bado inatembea.

Sasa inaeneaje? Zaidi kwa kupandana. Mbwa hunatana kwa dakika nyingi, ngozi laini ya ndani inachubuka, na seli zinapata mlango. Uvimbe huonekana baada ya miezi kadhaa. Njia nyingine ni kulamba na kunusa, ndiyo maana wengine huota uvimbe puani au mdomoni. Utafiti wa Cambridge wa 2022 uliona madume hupata ule wa puani mara 4 hadi 5 kuliko majike, kwa sababu wao ndio wanusaji wakubwa. Binadamu haambukizwi.

Kwa kawaida mwili hukataa nyama ya mwingine. Seli hizi huficha vitambulisho vyake, kinga ya mwili inapita bila kuziona. Baadaye kwa mbwa wengine kinga hushtuka na uvimbe hunywea wenyewe. Kwa mbwa wachanga na dhaifu, unaweza kusambaa.

Hapa mtaani kwangu mbwa anatembea na kamba, na wengi wamehasiwa au kufungwa kizazi. Seli inakosa daraja la kuvukia, ndiyo maana ugonjwa huu ni adimu hapa. Siyo kwamba mbwa wa Kizungu ana damu bora, jamani! Mfungulieni azurure kama wa kwetu, muone.

Na dawa ipo. Inaitwa vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki 4 hadi 6, na wengi hupona kabisa. Lazima atoe daktari wa mifugo, maana ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama. Kukata kwa kisu peke yake mara nyingi hakutoshi, uvimbe hurudi. Dawa hiyo chanzo chake ni kile kiua cha waridi chenye petali tano, asili yake Madagaska, tunachokipanda uani pwani yetu kwa pambo tu.

Basi ukipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba Simba ametoka uvimbe na wanataka kumpiga risasi, waambie wasubiri. Wamtenge na wenzake, wamwite daktari wa mifugo. Akipona, ahasiwe. Na wewe unayemleta Dulles, mkaguzi atataka karatasi za kichaa cha mbwa. Huu uvimbe mwangalie mwenyewe kabla hajapanda ndege.

Nawasilisha.