Fundi wa kuchomelea, kifua chako nacho ni mtaji

JEMBE la kukokotwa na ng'ombe likivunjika, mkulima hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea. Kazi hiyo haikosi wateja katika miji ya mpakani kama Isongole, wilayani Ileje, ambako barabara ya lami ya takriban kilomita 50 kutoka Mpemba inafika mpaka wa Malawi.

Hata hivyo, ipo gharama ambayo mafundi wengi hawaiandiki kwenye daftari: moshi wa metali.

Chuma kinapochomelewa hutoa chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Wataalamu wa afya wanatambua kuwa nikeli, kromiamu na kobalti zinaweza kusababisha pumu. Nikeli na kromiamu zimo kwenye chuma kisichoshika kutu.

Mwili huweza kuzivumilia kwa miezi au miaka, kisha ukaanza kuzikataa. Kuanzia hapo hata moshi kidogo hubana kifua. Aliye na pumu tayari anaweza kuzidiwa na moshi wowote wa kuchomelea.

Mabati nayo yana balaa lake. Zinki iliyopakwa juu yake ikiungua, fundi anaweza kupata homa na baridi jioni, akadhani ni malaria. Apime, lakini pia amweleze mhudumu wa afya kazi aliyofanya siku hiyo. Maziwa hayasaidii, huenda tumboni, si kwenye mapafu.

Dalili ya kuangalia ni hii: kifua kubana, kukohoa au kupiga miluzi siku za kazi, kisha nafuu siku za mapumziko. Nenda hospitali mapema, kwani ukichelewa pumu inaweza kubaki hata ukiacha kazi.

Chomelea mahali penye upepo, usimame moshi usikupitie usoni, wala usiuinamie. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta yenye chujio la moshi wa metali. Mteja asubiri mbali na watoto wake, na mama lishe asiweke meza jirani na karakana.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awalinde, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi. Fundi aliyejiajiri hujilinda mwenyewe.

Mashine ikiharibika utanunua vipuri. Mapafu hayana duka la vipuri.