Kadi kutoka Kariokor kwenda Kariakoo

JUMAMOSI asubuhi meza yangu ya jikoni hapa Buruburu haina nafasi ya sahani. Jikoni, maganda ya vitunguu yanachemka polepole hadi maji yageuke rangi ya dhahabu. Kando yake kuna chai ya rangi iliyolala usiku kucha, kokwa mbili za parachichi zilizokatwakatwa, ambazo zikichemshwa hutoa rangi ya waridi, na pakiti tatu za unga wa mahindi, zile za kilo mbili, zimepasuliwa, zimekung'utwa na kupigwa pasi. Kufikia saa saba mchana pakiti hizo zitakuwa bahasha. Jumatatu zitakuwa njiani: moja Kisumu, moja Lamu, na moja Dar es Salaam, mtaa wa Kariakoo.

Hiyo ya Kariakoo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Riziki yangu hutoka kwenye mabango ya maduka na kuta za shule za chekechea. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo, inaenea kiganjani: kadi iliyotengenezwa kwa mkono, ikabandikwa stempu, ikakabidhiwa posta. Wachoraji wa nchi nyingi huiita sanaa ya posta. Kuta za maonyesho mengi ya Nairobi ziko upande wa pili wa jiji, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na fremu ya mchoro humaliza pesa za mchoraji chipukizi kabla hajauza chochote. Kadi haihitaji fremu. Maonyesho yake yanafanyika mkononi mwa mtu mmoja, siku anapofungua sanduku lake la barua.

Sanaa hii ina historia. Kadi ya posta ilitolewa kwa mara ya kwanza na Austria-Hungaria mnamo 1869. Miaka mitano baadaye, 1874, wajumbe wa mataifa walikutana Bern, Uswisi, na mkataba wao ukazaa Umoja wa Posta Duniani. Kwa mkataba huo stempu iliyonunuliwa nchi moja huifikisha barua hadi nchi nyingine, na ndio unaoniwezesha mimi, mtu wa Buruburu, kununua stempu ya Kenya na kufikiwa na mtu wa Lisbon au Osaka.

Kule New York, msanii Ray Johnson aliyefariki 1995 alitumia miaka mingi kuwatumia watu michoro na vipande vya karatasi, akiwaomba waongeze kitu chao kisha wampelekee mwingine. Mnamo 1970 kazi za mtandao huo wa barua zikaonyeshwa katika jumba la Whitney. Mwenzake On Kawara, mzaliwa wa Japani, kuanzia 1968 hadi 1979 alituma kadi mbili kila siku, popote safari ilipomfikisha, zikiwa zimepigwa mhuri unaotaja saa aliyoamka. Watu wa sanaa hii wamejiwekea desturi nyepesi: maonyesho yao hayatozi ada, hayana jopo la kuchuja, na kila kilichofika hutundikwa ukutani.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilijiambia: mbona haya tumekuwa nayo mtaani tangu zamani!

Wazazi wetu wa Jericho, Maringo, Bahati na Kaloleni wanazikumbuka kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza majina ya anaowasalimu, akaituma isomwe redioni na Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji lililorejea jina la KBC mnamo 1989. Watu ambao hawakuwahi kuonana uso kwa uso walijuana kwa majina, wakaunda vyama vya salamu, wakatembeleana na hata kuzikana. Kisha zilikuwepo barua za mapenzi, bahasha ikiwa imechorwa maua pembe zote nne na ndani imenyunyiziwa poda ili inukie. Zilikuwepo pia kadi za kuwatakia heri watahiniwa, ambazo zilijaa maduka ya vitabu kila ulipokaribia mwezi wa Novemba. Mimi nilisoma shule ya bweni, na barua ya mama ilikuja kwa S.L.P. ya shule. Nilikuwa nikiitazama bahasha kabla ya kuifungua: mwandiko wake uliolala upande wa kulia, doa la chai, jina langu lote likiwa limeandikwa kwa nguvu hadi kalamu imeacha alama nyuma ya karatasi.

Wanaosoma Kiswahili wanajua thamani ya barua za namna hiyo. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua za kuanzia 1931 hadi 1958 zimehifadhiwa katika kitabu kilichohaririwa na Mugyabuso Mulokozi. Yusuf asingezitunza, tungemjua Shaaban Robert mshairi bila kumjua Shaaban Robert mtu wa nyumbani, mwenye familia na shida za pesa.

Mtaa wetu unanipa vifaa vyote. Pakiti ya unga ni karatasi ngumu, inavumilia kukunjwa na kulowa. Mihuri yangu naichonga kwa wembe kwenye soli za patipati zilizokwisha: samaki, jiko la makaa, matatu yenye pua ndefu. Kiamsha kinywa changu ni chai na mandazi, na mafuta ya mandazi yakidondokea karatasi hayafutiki, kwa hiyo nachora kuyazunguka hadi yawe mwezi au ziwa. Mchana nakula chapo madondo kibandani, na mara nyingi narudi na karatasi iliyofungiwa kitu ikiwa na herufi zinazonivutia. Jioni, harufu ya mutura kwenye kona inaniambia kuwa ni wakati wa kuacha gundi ikauke.

Sanaa ya kuokota na kufufua ni sanaa ya Eastlands hasa. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa 1984 na kujifunza mwenyewe bila chuo, alianza kuunda miwani kwa waya na mabati yaliyotupwa, na miwani hiyo imeonyeshwa mabara kadhaa. Dennis Muraguri huchonga mbao na kuchapa matatu zetu kwa wino, zikiwa zimejaa watu, maandishi na kelele unazozisikia kwa macho. Kundi la Wajukuu, lililoanza 2004 huko Lunga Lunga, Mukuru, lilialikwa kwenye maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2022. Walijenga njia ya kuingilia kwa mabati yenye kutu, kama vichochoro vya kwao, na mwaka huohuo wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Mabati yale yale ambayo jiji huyaona aibu, Wajerumani walipanga foleni kupita ndani yake.

Sasa nirudi kwenye kadi ya Kariakoo.

Nikihitaji uzi wa kushonea kadi, napanda matatu ya 58 hadi mjini, kisha natembea hadi soko la Kariokor. Pale kina mama wanasuka na kuuza vyondo, mafundi wanashona viatu vya ngozi, na moshi wa nyama choma unapita juu ya vibanda. Nanunua kamba nyembamba ya katani, halafu naketi kula mbavu za mbuzi kwa ugali na kachumbari. Kwa miaka mingi nilikula hapo bila kujiuliza jina lile lilitoka wapi.

Lilitoka vitani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki, wengi wao kwa lazima, wabebe risasi, chakula na majeruhi kichwani na mabegani. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikakigeuza kuwa Kariokor. Huko Dar es Salaam, eneo la kambi ya wapagazi haohao likawa Kariakoo. Mitaa miwili, nchi mbili, jina moja. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Fikiria nyumba ngapi Ukambani, Unyamwezi na Nyanza zilizosubiri habari ambayo haikuja. Hakuna aliyewaandikia.

Ndiyo maana kadi hiyo nimeipa kazi moja: kusafiri kutoka Kariokor hadi Kariakoo. Upande wa mbele nimechonga na kuchapa mgongo wa mtu aliyebeba mzigo. Pembeni nimeshona kwa katani ya sokoni. Nyuma kuna jina la mpokeaji, fundi cherehani ninayemfahamu kule Dar, lote, herufi kubwa. Na kila ninapoenda kutuma kadi kwenye posta kuu, napita kwenye barabara ya Kenyatta mbele ya sanamu za shaba za askari na mpagazi, zenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Maandishi hayo yanawasifu kwa pamoja. Hayataji jina la hata mmoja.

Njia hiyo ya kadi niliipita mimi mwenyewe mwaka jana. Nilipanda basi alfajiri, nikavuka mpaka Namanga, nikaupita mlima Meru ukiwa na kofia ya mawingu, nikafika Dar usiku nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Asubuhi mwenyeji wangu alinipeleka Kariakoo, kwenye jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, jengo ambalo moto uliliunguza Julai 2021. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tukala mishkaki. Usiku tulifungua chupa ya divai ya Dodoma.

Divai hiyo nayo ina safari yake. Mizabibu ilipelekwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki, ikalikubali jua na ukame wa Ugogoni, na hivi leo wakulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka. Sisi kwetu tuna mashamba ya mizabibu karibu na Naivasha, na kabla ya hayo tulikuwa na muratina ya asali inayochachushwa kwa matunda makavu ya mwegea na kunywewa katika posa za Wakikuyu. Kinywaji cha namna hiyo huandamana na majina: aliyepika, aliyeleta, anayeposwa. Nilimwaga matone matatu ya divai kwenye kadi tupu. Yalikauka yakawa rangi ya zambarau iliyofifia, mfano wa alama ya mhuri wa zamani. Nikabandua lebo ya chupa, nikaigandisha kando ya matone, na mwenyeji wangu akaandika anwani yangu kwa mkono wake. Niliiacha posta ya Dar. Ilinikuta nyumbani Buruburu baada ya majuma kadhaa, pembe moja imekunjika, na nikahisi tena ladha ya ile mihogo.

Vijana wa mtaani huniuliza kwa nini nisipige picha ya kadi nikaituma kwa simu. Sina ugomvi na simu. Tangu 2007 tumetuma pesa kwa simu, na zimeokoa watu wengi hospitalini na shuleni. Lakini jumbe za simu tunazifuta ili zije nyingine. Kadi hubaki kwenye droo, kwenye Biblia, nyuma ya kioo. Mwenye kuituma akifa, mwandiko wake unabaki. Mama yangu hayupo tena. Zile bahasha za shule ninazo.

Ukitaka kuanza, huhitaji duka la vifaa vya sanaa. Chukua pakiti ya unga, ifungue pale ilipogundishwa, ipige pasi upande wa ndani. Ipake chai nzito kwa kitambaa, iache ikauke kivulini. Ikunje iwe bahasha, kisha tia ndani yake kadi iliyokatwa kwenye katoni ya viatu. Gundi ya unga na maji yanayochemka inatosha, mradi uipake kwa wembamba ili isipasuke. Usishone wala kubandika kitu kinachochomoza sana, kwa maana barua hupita kwenye mashine na mikono mingi. Anwani iandike kwa kalamu isiyoyeyuka, mbali na michoro, ili karani aisome bila kuhangaika. Kama huna sanduku la posta, kumbuka kwamba tangu 2016 Posta Kenya ina huduma ya mPost inayoigeuza nambari yako ya simu kuwa anwani. Kwa sisi tuliokulia kwenye S.L.P. ya shule, ya kanisa au ya mwajiri, hilo si jambo dogo: mpangaji wa chumba kimoja Kayole anaweza kuwa na anwani yake mwenyewe.

Ombi langu kwa msomaji ni hili. Wiki hii mtafute mtu mmoja ambaye jina lake hulitaja mara chache: shangazi aliyekulea, mwalimu aliyestaafu, yule mlinzi wa zamani wa ploti aliyerudi kwao Kitui. Mtengenezee kadi kwa ulichonacho jikoni. Andika majina yake yote matatu, kwa mkono wako, polepole. Kisha ipeleke posta.