Basini ya samaki Kolwezi: pompe isilete shaba ndani ya mayi

Saa nane ya usiku umeme unakatika katika Dilala ao Manika. Watu wengi wanalala tu. Lakini mwenye kufuga tilapia ndani ya basini ya lupango yuko na masaa 2 hivi ya kufanya kitu.

Hesabu si ngumu. Tuseme basini ya mviringo, upana wake metre 4, kimo cha mayi sentimita 80: ni litri 10 000 karibu. Ndani yake kuko kilo 100 za samaki. Kolwezi iko zaidi ya metre 1 400 juu ya usawa wa bahari, na huku juu mayi haishike oksijeni sana kama kule Kalemie. Basini ile, hata hewa ikiingia vizuri, inabeba gramu 70 za oksijeni hivi. Samaki wanamaliza gramu 25 kila saa. Ikibaki gramu 20, wanaanza kuja juu kutafuta pumzi.

Ndiyo sababu kitu cha kwanza cha kununua si pompe ya mayi. Ni pompe ndogo ya hewa na bateri yake. Pompe ya hewa ya watt 60, na bateri ya amperi 100 yenye haimalizwe kupita nusu, inaweza kufika masaa 8. Jenereta ni nzuri, lakini lazima mutu aamke kuiwasha.

Kisha ndiyo pompe ya mayi. Katika soko watu wanaangalia nguvu: « hii ni ya cheval 1, itafaa ». Pompe ile inakula watt 750, ni kusema kilowati-saa 18 kwa siku. Kwa basini yetu, kupandisha litri 10 000 kila saa kwenye kimo cha metre 2, pompe ya watt 150 ikiwa ya kazi hiyo inatosha: kilowati-saa 3,6 kwa siku. Tena usiamini namba kubwa ya kwenye karton. Ikiandikwa litri 10 000 kwa saa na metre 5, maana yake ni litri 10 000 bila kupandisha kitu, na kwenye metre 5 haitoki hata tone. Kwenye metre 2 unapata nusu ao kupita kidogo. Pompe 2 ndogo ni afadhali kuliko 1 kubwa: moja ikiungua, ingine inaendelea.

Sasa jambo lenye wauzaji hawasemake. Pompe nyingi za bei ya chini, zile za kutoa mayi kwenye kisima, ziko na gurudumu la shaba ya manjano ndani. Kwa kumwangilia bustani, hakuna neno. Lakini mayi ya basini inapita palepale mara 24 kwa siku, na shaba inaingia kidogo kidogo. Samaki hawavumilie shaba; inaharibu mashavu yao, pale wanapumulia. Wenye kufuga samaki wa bahari ndani ya vioo, huko ng'ambo, hawakubali hata boloni moja ya shaba iguse mayi, juu inaua kamba na matumbawe. Ni ajabu kidogo kuisema katika muji wenye unaishi kwa shaba, lakini ni hivyo: uliza pompe yenye ndani yake ni plastiki ao inox.

Na shaba haipitie pompe tu. Changarawe ya kujaza chujio isitoke kwenye remblai ya migodi, hata ikiwa ya bure. Jiwe lenye rangi ya kijani ni shaba, lenye weusi linaweza kuwa na kobalti. Fiti za bluu za litri 200 zinafaa sana, lakini zile zilizobeba asidi ao dawa za kiwanda ziachwe. Mayi ya Musonoi na ya Luilu, mito inayopita karibu na migodi, isitumiwe. Ya foraji ipimwe kwanza. Mchanga unachuja uchafu wenye macho yanaona, hauondoe shaba iliyoyeyuka.

Chujio lenyewe ni fiti 2. Ya kwanza inakaa mbele ya pompe, mavi yatulie chini na kutolewa kila siku; yakipita kwanza ndani ya pompe yanasagwa kuwa tope lenye halikamatike tena. Ya pili inajazwa vifuniko vya chupa ao vipande vya tuyo, nyumba ya bakteria. Kilo 1,5 za chakula kwa siku zinatoa karibu gramu 40 za amonia, na bakteria ndio wanaigeuza isiue. Kazi yao inafanya mayi iwe kali, na mayi kali inayeyusha shaba zaidi. Kwa hiyo kila siku gramu 280 hivi za mawe ya chokaa yaliyosagwa, si chokaa ya kujengea, yenye kuruka na kuunguza.

Mayi ya REGIDESO ipumzike siku moja na pompe ya hewa ikitembea, klore itoke, la sivyo inaua bakteria wale. Wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujaa. Wakati ule wote samaki wawe wachache, na chakula kidogo, hata watoto wa lupango wakisema wako na njaa.