Kub: Gari la Makombora na Majina Yake

Silaha iliyoingia katika jeshi la Muungano wa Kisovieti mwaka 1967 kwa jina la Kub, yaani mchemraba, iliuzwa nchi za nje kwa jina la Kvadrat, yaani mraba. Mataifa ya NATO yaliiita Gainful, si kwa ajili ya maana ya neno hilo, bali kwa kuwa makombora ya Kisovieti ya kutungua ndege kutoka ardhini yalipewa maneno yaanzayo kwa herufi G. Hakuna jina hata moja kati ya hayo litajalo sifa yake kubwa, nayo ni kutembea.

Makombora mengi yaliyoitangulia yalihamishwa kwa taabu na kwa saa nyingi. Kub iliwekwa juu ya magari yaendayo kwa minyororo mfano wa vifaru, hata ikaweza kuandamana na majeshi ya nchi kavu. Kila gari la kurushia lilibeba makombora matatu, yenye uzito wa kilo 600 hivi kila moja. Rada, hata hivyo, ilikuwa katika gari jingine, na gari hilo moja lilihudumia magari manne ya kurushia. Rada iliimulika ndege kwa mawimbi yasiyokatika, na kombora likayafuata mawimbi yaliyorudishwa na ndege hiyo. Mikono ilikuwa mingi. Jicho lilikuwa moja.

Katika vita vya Oktoba 1973 Misri na Syria ziliitumia dhidi ya Israeli. Vyombo vya tahadhari ndani ya ndege za Israeli vilitengenezwa kutambua rada za zamani, kwa hiyo marubani wengi hawakuonywa. Israeli ilipoteza ndege zipatazo 100 katika vita hivyo, ingawa si zote zilizotunguliwa na Kub.

Mnamo Juni 9, 1982, mambo yaligeuka. Vikosi vya Syria katika bonde la Bekaa, Lebanoni, vilikuwa vimekaa huko tangu 1981 pasipo kuhamahama, kana kwamba minyororo ile haikuwa na kazi. Israeli ilirusha ndege zisizo na rubani ili rada ziwashwe, kisha ikazipiga rada hizo. Vikosi 17 kati ya 19 viliangamizwa siku hiyo.

Waserbia wa Bosnia walitumia hila ya kinyume: waliihamisha silaha yao kwa siri, na rada wakaiwasha kwa muda mfupi tu. Juni 2, 1995, waliitungua ndege ya Marekani aina ya F-16. Rubani wake, Scott O'Grady, alijificha msituni hadi alipookolewa Juni 8.