Gauni la shati: pima mwili kabla ya kukata kitambaa

GAUNI la shati, lenye kola na vifungo mbele, humfaa hata mama anayenyonyesha. Ukinunua kiolezo cha karatasi ulishone nyumbani, usichague namba unayovaa dukani. Namba za violezo mara nyingi ni tofauti. Pima kifua, kiuno na nyonga kwa futikamba, kisha linganisha na jedwali la kwenye bahasha.

Angalia pia kama nafasi ya mshono imo. Violezo vya Simplicity kwa kawaida huwa na sentimita 1.5, vya jarida la Burda havina, unaongeza mwenyewe. Ukisahau, gauni litabana na vifungo vitavutana kifuani.

Kabla ya kugusa kitenge chako, jaribu kwa shuka kuukuu. Mkasi ukishapita, kitambaa hakirudi.