Picha za Gari la Moshi, Mabasi na Kazi za Kila Siku

Zamani mtu wa Nyanda za Juu za Kusini aliyetaka picha yake alivaa nguo zake njema, akaenda mjini kwa mpiga picha, akasimama mbele ya pazia, akakaza macho bila kucheka. Picha ilikuwa jambo la siku kubwa: harusi, ubatizo, au kijana aagapo kwenda kufanya kazi mbali. Siku hizi simu ya mkononi ina kamera ndani yake, na watu hupiga picha asubuhi na jioni, nyingine za maana na nyingine za ovyo. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wazee wa vijiji, habari za namna moja ya kupiga picha ambayo ni mchezo, na tena ina faida: kupiga picha za gari la moshi, mabasi, masoko na kazi za kila siku katika nchi ya Mbeya na Iringa.

Huko Uingereza mchezo wa kutazama magari ya moshi na kuyapiga picha una watu wengi. Mwaka 1942, katikati ya vita, palikuwa na karani kijana katika Southern Railway, jina lake Ian Allan. Kazi yake mojawapo ilikuwa kujibu barua za watu waliotaka kujua habari za injini. Alipochoka kuandika majibu yale yale, alitunga kijitabu chenye nambari za injini za reli ile. Wakubwa wake hawakukubali kukichapa, basi akakichapa mwenyewe, na watu wakakinunua upesi. Tangu hapo watoto na watu wazima walisimama kandokando ya reli, kijitabu mkononi, wakitia alama kila injini waliyoiona, na wengine wakichukua kamera. Walichekwa sana. Walakini mwaka 1968, injini za mvuke zilipoondolewa katika kazi ya kila siku ya reli za Serikali huko, ni hao waliochekwa waliokuwa na picha, nambari na tarehe. Nasi tulio makarani twafurahi kidogo kuona ya kuwa kijitabu kile kilitungwa na karani.

Kwetu mambo yalikuwa vingine. Katika siku za Tanganyika Railways, reli haikufika Iringa wala Mbeya. Msafiri wa Iringa aliyetoka Dar es Salaam alishuka Dodoma, akapanda basi la Reli lililokwenda kusini kwa barabara ya vumbi mpaka Iringa, na mwenye safari ndefu akaendelea mpaka Mbeya. Magari yale yaliwachukua walimu, makarani, barua na mizigo kwa miaka mingi. Mzee aliyesafiri nayo atakueleza matope ya masika na baridi ya alfajiri. Lakini ukimwomba picha ya basi lenyewe, na watu wakipakia mizigo yao, mara nyingi hana. Picha nyingi za nchi yetu za siku zile zilipigwa na wageni. Walther Dobbertin, aliyekuwa mpiga picha Dar es Salaam zamani za Wadachi, aliacha picha nyingi mno, nazo zimewekwa mpaka leo katika hifadhi ya nyaraka ya Serikali ya Ujerumani. Hatumlaumu, maana bila watu kama yeye tungekuwa na kidogo zaidi. Ila mtu aliyemo katika picha za namna ile mara nyingi ameandikwa "mpagazi" au "askari" tu, hana jina wala kijiji, na wajukuu wake hawawezi kumtambua.

Reli iliyofika Mbeya ni ile ya Tanzania na Zambia, iitwayo TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia mwaka 1970. Kazi ya kulaza reli ilimalizika mwaka 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa kwa Serikali mbili. Urefu wake ni kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Haipiti Iringa mjini. Yapita Mlimba, chini bondeni, kisha yapanda Makambako. Kipande hicho cha Mlimba hata Makambako kiliwatoa jasho wajenzi kuliko vyote: kina mahandaki 18, na daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu upatao meta 50. Karibu na Uyole reli hufika mahali pake pa juu kabisa, karibu meta 1,790 juu ya bahari. Mtu wa pwani akishuka Mbeya asubuhi ya mwezi wa Juni hutafuta koti kabla ya kutafuta chai.

Sasa, mwezi wa Septemba mwaka 2025, Serikali za Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC ili reli hii itengenezwe upya na kuendeshwa. Ni habari njema kwa wafanya biashara na wasafiri. Lakini reli ikitengenezwa, vitu vya zamani huondolewa: mabehewa, taa za ishara, mabao ya majina ya stesheni, hata mabenchi ambayo watu wameyakalia kwa miaka 50 wakingojea. Hapana atakayetangaza siku ya kuondolewa kwa benchi. Atakaye kuwa na picha yake na aipige mapema.

Basi tueleze kazi yenyewe. Kamera ni sanduku la giza lenye tundu moja. Tundu lina kioo kinachokusanya nuru, na ndani mna kitu kinachoipokea: zamani filamu iliyopakwa chumvi za fedha, na siku hizi kibamba kidogo kinachogeuza nuru kuwa umeme. Tundu likifunguliwa nuru huingia; likifungwa, picha imekwisha. Kwa hiyo yote ni hesabu ya nuru na wakati. Gari la moshi liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja. Tundu likiwa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, gari limekwisha kusogea sentimeta 28, na katika picha nambari zake haziwezi kusomeka. Likiwa wazi kwa sehemu moja ya 500, gari limesogea sentimeta 3 tu, nayo picha huwa safi. (Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake jambo hili wakalipima wenyewe kwa basi lipitalo mbele ya shule.) Simu nyingi huchagua wakati huo zenyewe, na huchagua mfupi kama nuru ni nyingi, ndiyo maana picha ya treni ya saa moja jioni huharibika na ile ya saa tatu asubuhi huwa njema. Tena gari lijalo upande wako kwa mshazari huonekana kusogea kidogo kuliko lile linalokupita ubavuni.

Jua liwe nyuma yako au begani. Saa sita ya mchana si saa ya picha za watu: jua li utosini, na kila mwenye kofia uso wake umeingia gizani. Kosa jingine tuliloliona mara nyingi ni la abiria aliye dirishani. Nyuma yake pana mbingu nyeupe, kamera hupima weupe ule ikadhani nuru yatosha, na uso wa mtu mweusi hutoka kama kivuli. Gusa uso huo juu ya kioo cha simu, ili kamera ipime hapo. Ukungu wa Uporoto na wa Mufindi usiukimbie. Hulainisha nuru, na watu watembeao ndani yake hupendeza. Na kabla ya yote, pangusa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa kuwa simu hukaa mfukoni pamoja na sarafu, na vidole vilivyokula maandazi huishika.

Neno moja la hatari. Mtu anayetazama ndani ya kamera haoni miguu yake. Asisimame relini wala darajani, asirudi nyuma bila kugeuka. Gari la moshi lenye mzigo haliwezi kusimama ghafula hata dereva akitaka, nalo kwenye mteremko huweza kukufikia kabla hujasikia sauti yake kwa sababu ya upepo.

Kwa mtu wa Iringa mabasi ndiyo reli yake. Kabla ya mwaka 2023 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo mengi yalitoka stendi alfajiri kwa pamoja, kwa honi, moshi na makelele ya wapiga debe. Amri ile ilipoondolewa, ile haraka ya alfajiri ilipungua. Aliyeipiga picha anayo. Asiyeipiga amebaki kusimulia. Mteremko wa Kitonga, ambapo malori hutambaa kama vinyonga, wapendeza ukitazamwa toka mbali, wala si toka kando ya barabara. Huko Ilula wauza nyanya na vitunguu hukimbilia madirisha ya mabasi. Twawashauri wapiga picha wasiangalie basi tu: mtazame mikono. Jinsi mama anavyofunga kikapu cha milulu, jinsi mgema akatavyo mwanzi wa ulanzi, jinsi kijana wa bajaji afungavyo gunia la viazi kwa mpira wa gurudumu kuukuu, hayo ndiyo yatakayoulizwa baadaye.

Lakini watu si magurudumu. Kumpiga mtu picha ni kama kuingia nyumbani kwake, na mwungwana hupiga hodi. Mwambie, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini, nataka kuiweka katika kitabu cha shule." Akikataa, shukuru uende zako. Kwa mtoto, mwombe mzazi au mwalimu. Ukiahidi kuleta nakala, ilete. Katika kijiji ahadi moja isiyotimizwa hufunga milango kumi, na mpiga picha anayekuja baada yako ndiye atakayefukuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yahusu mambo ya namna hii, ila adabu ya hodi ni ya zamani kuliko sheria.

Katika stesheni, omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kabla ya kutoa kamera. Mahali pa ulinzi hapapigwi picha, na madaraja ya reli na mahandaki huenda yakahesabiwa katika hayo. Askari anayekuzuia hafanyi uadui. Anayefika ofisini kwanza, akataja jina lake na shabaha yake, mara nyingi husaidiwa, hata kuelezwa habari za vyombo ambazo hangezijua. Anayejificha nyuma ya behewa huambiwa afute picha zake zote.

Na kuna picha ambayo haifai kupigwa kabisa. Basi likipinduka, wengine huja na simu zao kabla ya kuja na machela, wakapeleka picha za maiti huku na huko. Na mke hupata habari ya msiba wake kwa simu ya jirani. Jambo hili ni aibu. Aliye karibu na ashike mkono wa majeruhi.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wengi huiacha, nasi twaiona kuwa nusu ya kazi yenyewe. Picha isiyoandikwa ni bubu. Baada ya miaka 30 hata aliyeipiga hatakumbuka ni Makambako au Mlimba. Iwapo picha imechapwa kwenye karatasi, andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya ukatia doa. Andika tarehe kamili, mahali, jina la mtu kama ameruhusu, kazi aliyokuwa akifanya, na jina la mpigaji. Kwa mfano: "Tarehe 14 Juni 2025, saa tatu asubuhi, soko la Iringa, mfuma vikapu akianza kitako cha kikapu." Picha za simu ziandikwe katika daftari kwa nambari zake, na nakala iwekwe mahali pa pili, kwa kuwa simu huibiwa, huanguka mtoni na hufa.

Picha za karatasi huharibiwa na unyevu wa miezi ya mvua, mchwa na gundi. Ziwekwe katika bahasha safi za karatasi ndani ya sanduku la bati, juu ya rafu, mbali na ukuta na paa livujalo. Iringa, Boma la zamani za Wadachi lilifanywa nyumba ya makumbusho mwaka 2016. Wenye picha za kale waende wakaone jinsi zinavyotunzwa na kuelezwa kwa maandishi. Shule nayo yaweza kuanza kwa daftari moja na simu ya mwalimu mmoja: kila mwaka, wiki ile ile, wapige picha mahali pale pale, yaani stendi, njia panda, mlango wa soko, kisha wanafunzi wapeleke picha hizo nyumbani, wawaulize babu na bibi majina ya vitu vilivyomo, na kuyaandika kama walivyoyasikia, kwa Kihehe, Kisafwa, Kinyakyusa au Kibena, pamoja na Kiswahili chake.